Koili ya tatu, silinda ile ile: Mjomba Spana, nisaidie

Shikamoo Mjomba Spana,

Mimi ni Mama Wawili wa Kimara Temboni. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, ile ya cc 1300, niliinunua kwa mtu miaka minne iliyopita. Ndiyo inayowapeleka wanangu shule asubuhi, halafu inanifikisha Kariakoo kwenye kibanda changu cha vitenge. Baba yao yuko Dodoma kikazi, kwa hiyo mambo ya gari ni mimi, Mungu na fundi.

Lilianza kuzingua Februari. Nilikuwa natoka Ubungo kupanda Kimara jioni, foleni kama kawaida, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Nakanyaga mafuta, halivuti. Taa ya injini ikawa inapepesa. Fundi wangu akaja na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, simu yake ikaandika P0303. Akasema koili ya silinda ya tatu imekufa. Nikatoa 65,000, akanunua Gerezani, jioni ile ile gari likawa kama jipya.

Mei, katikati ya mvua, likarudia. P0303. Nikanunua nyingine duka jingine kwa 80,000, muuzaji ananiapia kwamba ni orijino. Ikaenda mpaka Agosti. P0303. Nikanunua ya tatu. Na hiyo ya tatu nayo imeanza wiki iliyopita! Zote zilizotolewa nimeziweka kwenye mfuko kwenye buti, ile iliyokuja na gari na mbili nilizonunua, maana moyo unaniuma kuzitupa.

Alhamisi fundi aliitoa tena hii ya sasa. Ule mpira wake mrefu ulikuwa na oili oili, akaupangusa kwa kitambaa, akarudisha, gari likatulia siku mbili. Sijui kama hilo linahusika, nakuandikia tu. Plagi anasema bado nzuri hazina haja ya kuguswa. Na usidhani gari silitunzi: oili nabadilisha kwa wakati, na kila Jumamosi naliosha mpaka injini, vijana wanaipiga maji inang'aa.

Sasa nimechanganyikiwa. Fundi anasema tubadilishe koili zote nne na kusafisha nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini. Shemeji yangu anasema nimekuwa nikinunua mpya za uongo, niende Ilala nichukue za mtumba zilizotoka Japani. Jirani yangu wa kibandani, yeye anasema nikatoe masega ya eksozi, yale ya kuchuja moshi, gari litapumua. Nichukue mpya au mtumba? Moja au nne?

Na kuna jambo la aibu kidogo. Fundi huyu tumepanga nyumba za ukuta mmoja, na mke wake ndiye aliyenikimbiza hospitali usiku niliojifungua huyu wa pili. Nikimpelekea gari mtu mwingine italeta maneno. Lakini hela yangu inaisha.

Mama Wawili, Kimara Temboni


Marahaba Mama Wawili,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta mstari mmoja tu, ule wa kitambaa. Umeuandika kama mtu anayeomba radhi kwa kupoteza muda wangu, na kumbe barua nzima ndiyo hiyo. Wapangaji watatu wa chumba kimoja wakiugua mfululizo, hukagui tena wapangaji, unakagua chumba. Shimo la plagi ya silinda yako ya tatu lina oili, na oili hiyo haina ruhusa ya kuwa pale.

Ngoja nikueleze linavyotokea, maana ukilielewa hakuna atakayekuuzia koili ya nne.

Koili ni transfoma ndogo. Ndani yake kuna nyaya mbili zilizosokotwa, mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaruhusu umeme wa betri, volti 12, upite kwenye ule mnene, halafu inaukata ghafla. Ukikatwa, ule mwembamba unatema makumi ya maelfu ya volti. Umeme huo unashuka ndani ya ule mpira mrefu, kwenye springi, unafika kwenye kichwa cha plagi, na unaruka pengo la milimita kama 1.1 kwenye ncha. Hiyo ndiyo cheche.

Umeme mkali namna hiyo ni mvivu, siku zote unatafuta njia ya mkato. Mpira ule na kaure nyeupe ya plagi vipo kuuzuia usitorokee pembeni, kwenye ukuta wa chuma wa shimo. Oili ikikaa pale miezi, mpira unalainika, unavimba, unapoteza ubishi wake. Siku moja cheche inapenya pembeni badala ya kwenda chini. Na ikipita mara moja inaacha alama: mstari mwembamba mweusi juu ya ile kaure, kama mtoto amechora kwa penseli. Mstari huo ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kuanzia hapo cheche imepata barabara ya lami.

Sasa fikiria ulichofanyiwa Februari. Koili imetolewa, mpya imeingia, safi kabisa, lakini imevalishwa juu ya plagi ile ile yenye mstari wake, ndani ya shimo lile lile lenye oili. Mpira mpya ukafanya kazi wiki kadhaa mpaka nao ukachorwa. Mei vivyo hivyo. Agosti vivyo hivyo. Fundi wako alipopangusa kwa kitambaa gari likatulia siku mbili; kitambaa hakitibu koili iliyokufa, mama.

Na ndiyo maana linaanza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, ukipanda Kimara na si ukiwa umeegesha. Ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko, hewa na petroli vinabanwa zaidi ndani ya silinda, na kadiri vinavyobanwa ndivyo cheche inavyopata taabu kuruka lile pengo. Ikiona ngumu inachagua njia ya mkato.

Oili inatoka wapi? Juu ya injini kuna kava, na chini ya kava kuna gasketi pamoja na pete za mpira zinazozunguka mashimo manne ya plagi. Gari la 2004 mipira hiyo imekula joto miaka zaidi ya ishirini, ikikauka inakuwa ngumu kama plastiki na inaachia. Oili inajaa taratibu kwenye shimo, na wewe huoni tone hata moja chini ya gari, kwa sababu shimo ndilo ndoo. Dawa yake ni kufungua kava na kuweka gasketi mpya na pete zake. Sehemu mbili ambapo kava la cheni linakutana na kichwa cha injini zinahitaji tone la silikoni ya gasketi, tone tu. Wapo wanaopaka silikoni kuzunguka kava lote kama wanapaka siagi kwenye mkate. Mwambie fundi asifanye hivyo, vipande vinang'oka na kwenda kuziba njia za oili. Na kava likiwa wazi, mwombe akague vali ndogo ya PCV, ile inayopumulisha injini. Ikiziba, presha ya ndani inasukuma oili kwenye kila sili dhaifu na gasketi yako mpya haitadumu.

Halafu hili la Jumamosi. Najua unafanya kwa mapenzi. Lakini ile bomba ya presha ikielekezwa juu ya injini, maji yanapita chini ya kofia za koili, hasa kofia zilizozeeka, na yanatuama kwenye mashimo. Maji ya chumvi chumvi ya Dar yakikutana na oili hapo chini, unapika supu. Osha bodi upendavyo. Injini ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, na mtu yeyote asiipige maji ya presha, hata akikwambia ameziba kwa nailoni.

Kabla ya kununua chochote, kuna kipimo cha bure. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa koili namba 3 na namba 1 mzibadilishane. Hesabu huanzia upande wa mikanda, wa kwanza ni ule ulio karibu na mikanda. Kila koili imeshikwa na bolti moja ya spana 10. Soketi yake ya waya ina kibano cha plastiki ambacho kwa umri huu kinavunjika kwa kutazamwa tu, kwa hiyo kibonyezwe kwa kidole gumba, na asivute nyaya. Futa kodi, yaani ile namba ya kosa, kwenye kile kidude, tembea kidogo, soma tena; tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Ikisoma P0301, ugonjwa umehama na koili, basi koili imeharibika kweli. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Hamisha plagi nayo. Ikigoma kuhama hata baada ya plagi, ndipo tunaongea habari za nozeli, waya au kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda), si kabla. Fundi wako ameanza na nozeli labda kwa sababu ana mashine ya kuzisafishia, simlaumu.

Msimruhusu mtu kuchomoa koili injini ikiwa inaunguruma ili "kuona cheche". Volti zile zinarusha mtu, na petroli ya silinda ile inaendelea kumwagika.

Atakayekuja na mita kupima koili, mshukuru mpeleke akanywe chai. Kipimo hicho kilikuwa halali enzi za Corolla zenye distribyuta, koili moja kubwa na nyaya nne nene za kwenda kwenye plagi. Unagusa hapa na hapa, unasoma omu, unajua. Koili ya IST ina saketi ya kielektroniki ndani yake na nyaya nne kwenye soketi: wa umeme, wa athi, wa amri kutoka kontrol boksi, na wa kurudisha jibu. Mita inasoma takataka tu.

Sasa plagi. "Bado nzuri" si kipimo. Zitoke zote nne, uzione kwa macho yako. Lakini kwanza mashimo yanyonywe oili kwa kitambaa kilichosokotwa kwenye bisibisi, halafu yapulizwe kwa upepo wa kompresa, maana mchanga ulio mle ukishaachiwa plagi unadondoka moja kwa moja juu ya pistoni. Tazama kaure ya namba 3, utauona ule mstari. Plagi za nikeli, za kawaida, hupewa kilomita 20,000 hivi. Za iridiamu hufika 100,000. Kama tangu ununue gari hazijaguswa, ni miaka minne, na kabla yako hujui. Ncha zikilika pengo linapanuka, na kila linapopanuka koili inalazimishwa kutoa volti zaidi. Plagi chakavu zinaua koili polepole hata pasipo oili. Weka mpya nne kwa pamoja, zifungwe kwa mkono mpaka zikae, kisha nusu mzunguko au zaidi kidogo kwa spana. Kichwa cha injini ni alumini, nyuzi zake zikiharibika utatamani tatizo la koili lirudi.

Mpya au mtumba? Shemeji yako hajakosea sana. Mpangilio wangu ni huu: ya kwanza ni mpya ya Denso au ya boksi la Toyota, kutoka duka linalokupa risiti ya EFD na linalokubali kubadilishiana ikigoma. Ikikushinda bei, mtumba wa Denso uliotoka kwenye injini ya Japani. Ya mwisho kabisa ni mpya isiyo na jina kwenye boksi zuri. Wengi huona ajabu nikisema ya zamani inaishinda mpya, lakini mtumba ule umeshafanya kazi miaka na unaonyesha hali yake wazi, wakati ile mpya inaonyesha boksi.

Usiende na picha ya gari, nenda na koili mkononi. Soma namba iliyochapwa kichwani. Kwa injini za familia yako, 1NZ na 2NZ, ninayoikuta mara nyingi ni 90919-02240. Corolla za 1ZZ huvaa 90919-02239, na ukizilaza kaunta pamoja muuzaji mwenye haraka anaweza kukwambia "ni zile zile". Si zile zile. Pima urefu wa mpira kwa mpira, tazama soketi kwa soketi. Kwenye bandia maandishi mara nyingi hukwaruzika kwa ukucha na plastiki ina kingo za kukata kidole. Kwenye mtumba, geuza uangalie mdomo wa mpira: ukiwa umevimba, una mpasuko, au ndani kuna doa la kuungua, rudisha.

Moja au nne? Kwa IST, moja. Koili zake ziko juu juu, fundi anazifikia kwa dakika chache, huna sababu ya kuzitoa zilizo hai. Angekuwa mwenzio mwenye Harrier ya V6 ningejibu tofauti, kwa sababu kule koili tatu za nyuma zimefichwa chini ya manifoldi, na ukishafungua mzigo wote huo kwa ajili ya moja, busara ni kubadilisha zote za upande ule.

Masega yaache. Jirani yako wa kibandani amegeuza hadithi. Silinda isipowaka, petroli mbichi inakwenda kwenye eksozi na kuungulia ndani ya masega mpaka yanayeyuka, na ile taa kupepesa ndiyo ilikuwa inakuonya hivyo. Ikipepesa tena, toa mguu kwenye mafuta, egesha. Usiendeshe nayo hivyo mpaka Kariakoo.

Tumalizie na jirani yako fundi. Huyo si mwizi. Mwizi asingekupa koili za zamani uweke kwenye buti. Ni fundi aliyekimbilia kodi ya kwenye simu, na simu ilimwambia wapi panauma bila kumwambia kwa nini. Usimpelekee jina langu, na gari usimpelekee mtu mwingine. Subiri Jumapili asubuhi akiwa hana gari la mtu, mpelekee chai, umwambie: "Baba, kabla sijanunua nyingine, naomba tufungue kava la juu tuweke gasketi, naona ile oili uliyoipangusa Alhamisi inarudi. Na plagi nataka nizione zikitoka." Umeshampa yeye sifa ya kuiona oili, na kweli ndiye aliyeiona. Kazi ya kava mlipe kamili, usiombe ya ujirani. Fundi aliyelipwa vizuri kwa gasketi hana haja ya kukuuzia koili.

Na ule mfuko kwenye buti, usiutupe. Kava likishafungwa, plagi mpya zikiwa ndani na mashimo makavu, zipanguseni zile koili tatu, mkazitazame mipira kwenye mwanga wa jua. Yenye mstari wa kuungua au mpasuko, tupa, isije ikachora plagi mpya. Zinazobaki zijaribuni moja moja kwenye silinda ya kwanza, mwende nayo Mbezi na kurudi. Anzeni na ile kongwe, iliyokuja na gari kutoka Japani. Mimi dau langu liko kwa hiyo.

Mjomba Spana